Mama Kati ya Kadi Mbili

Mhadhara kwa akina mama na akina baba wa Mkumbi, Mbinga



Nimekuja na kadi mbili. Hii ya kwanza ni kadi namba 4. Hakuna mama hapa asiyeijua. Unapewa siku ya kwanza ya kliniki ya wajawazito, na ndani yake wanaandika tarehe ya hedhi ya mwisho, uzito, shinikizo la damu, wingi wa damu, kimo cha mimba. Hii ya pili ni kadi namba 1. Mnaijua pia: chanjo, vitamini, uzito, mstari wa ukuaji.

Siku mtoto anapozaliwa, kadi namba 4 imemaliza kazi. Inatiwa kwenye mfuko wa plastiki, inalala chini ya godoro pamoja na risiti za mbolea. Tangu siku hiyo kadi inayobebwa ni namba 1. Tazameni jina lililo juu yake: ni la mtoto. Mama ameandikwa chini kidogo, kama mtu aliyeleta mzigo. Sisemi kadi imekosewa. Kadi hizi zimeokoa wengi, na waliozibuni walikuwa na akili. Nasema lipo jambo linaloanguka katikati yake, na leo nataka tuiname tuliokote.

Tumchukue mama mmoja. Simpi jina kwa sababu hayupo, nimemtunga kwa ajili ya maelezo, ingawa naona tayari wengine wanageuka kumtafuta. Ana miaka 26, mimba ya pili. Ni mwezi Machi, nyasi zimelala, watu wanachimba mashimo ya ngoro mashambani. Anashuka mjini Mbinga kwa bodaboda kupima utrasaundi. Mtaalamu anapitisha kile kidude tumboni, anamwonesha moyo wa mtoto unavyocheza, kisha anakaa kimya kidogo, anarudi pembeni, anapima tena. Anamwambia: mtoto hana tatizo, lakini kuna uvimbe kwenye ovari ya kulia, unalingana na limau kubwa. Rudi baada ya wiki 4.

Ovari. Tuliseme neno lenyewe, maana kwetu hulinong'ona. Wengine huita mfuko wa mayai. Ziko mbili, kulia na kushoto, kila moja kubwa kama punje ya karanga iliyo kwenye ganda lake. Si kizazi. Watu wengi wakisikia uvimbe wanafikiri fibroidi, uvimbe wa kizazi, na wanaanza kumwambia mgonjwa habari za shangazi yao aliyetolewa kizazi Peramiho. Hii ni habari nyingine.

Mama wa watu, tangu aliposikia uvimbe, hakusikia tena. Wiki 4 hazikumwingia. Na njiani akirudi, maneno mawili yanapigana kichwani: saratani, na nimerogwa.

Kabla sijayajibu hayo mawili, niseme kitu kuhusu ile mashine, kwa sababu tumeizoea kama mashine ya kutazama mtoto wa kiume au wa kike. Haikuanzia huko. Mwaka 1955, daktari mmoja wa wanawake mjini Glasgow, Ian Donald, alisikia kwamba viwanda vinatumia mawimbi ya sauti kutafuta nyufa ndani ya chuma. Akapakia kwenye buti za magari mawili vimbe zilizotolewa kwa wagonjwa, za kizazi na za ovari, akazipeleka kwenye kiwanda cha kutengeneza matangi ya mvuke, zikapimwa kwa kifaa cha mafundi wa chuma. Wenyeji wake wakampa na pande la nyama ya ng'ombe la kulinganishia. Makala yake ya mwaka 1958, iliyoifungulia utrasaundi mlango wa hospitali, ilihusu vimbe za tumboni, na humo yumo mgonjwa aliyedhaniwa ana saratani isiyotibika kumbe ana uvimbe wa maji wa ovari, ukatolewa, akapona. Kwa hiyo mashine inapoona uvimbe pembeni ya mtoto haijapotea njia, hiyo ndiyo kazi iliyozaliwa nayo. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri kila mjamzito apimwe nayo walau mara moja kabla ya wiki ya 24. Sisi wengi tunaanza kliniki tumbo likishaonekana na jirani.

Sasa saratani. Katika vimbe 100 za ovari zinazoonekana wakati wa mimba, zilizo saratani ni 1 hadi 6 hivi. Zilizobaki si saratani. Nyingi hata si ugonjwa. Yai linapotoka kwenye ovari linaacha nyuma kifuko kidogo, na mimba ikitunga, kifuko hicho ndicho kinachotengeneza homoni ya kuishikilia. Nyie watu wa kahawa mtanielewa upesi. Mche mdogo kitaluni unawekewa kichanja cha nyasi juu. Ukiondoa kichanja mapema, jua linaunguza mche. Ukisubiri ukakomaa, kichanja hakina kazi tena. Kile kifuko ni kichanja. Kondo la nyuma linachukua kazi yake kati ya wiki ya 8 na ya 10, na kifuko kinasinyaa chenyewe. Wiki ya 16 ikifika mara nyingi hakionekani tena. Ndiyo maana mtaalamu alisema rudi baada ya wiki 4. Hakuwa anamfukuza. Kuusubiri uvimbe ni sehemu ya kuutibu, na mtu anayekimbilia kukatwa katika mwezi wa pili wa mimba anaweza kuondolewa kichanja na mche ungali mchanga.

La kurogwa ni gumu zaidi, na sitalicheka, kwa sababu linatokana na jambo watu waliloliona kwa macho. Kuna aina ya uvimbe wa ovari inaitwa dermoidi, na kati ya zile zinazobaki baada ya wiki ya 16 ni ya kawaida sana. Ukipasuliwa, ndani mna mafuta mazito, nywele, pengine mfupa, pengine meno. Meno kamili, yenye weupe wake. Hebu fikiria ndugu wa mgonjwa ameitwa aoneshwe kilichotolewa, anakuta kifundo cha nywele. Atasema nini akifika kwake? Hata wasomi wa Ulaya walipokiona hawakuwa watulivu kutushinda: jina lake la kitabibu, teratoma, limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya kioja, zimwi.

Maelezo yake lakini ni mafupi. Ovari ni ghala la mbegu za uhai. Kila yai lina uwezo wote wa kutengeneza mtu: ngozi, nywele, meno, mfupa. Mara chache mbegu moja inaamka mahali pake, bila baba, bila mimba, inaanza kutengeneza vipande vipande bila mpango. Kama punje ya mahindi iliyoota ndani ya kihenge. Hakuna aliyeitia huko usiku. Nyingine msichana amezaliwa na asili yake, imekua polepole miaka 20 bila yeye kujua, na mimba ndiyo iliyomfikisha kwenye mashine. Ningependa wauguzi wetu walieleze hili kabla ya upasuaji, si baada, kwa mgonjwa na kwa yule wifi atakayekuja kuuliza wametoa nini.

Kuna kisa kimoja cha zamani ambacho madaktari wa upasuaji wa tumbo wanakihesabu kuwa mlango wao. Mwaka 1809, jimbo la Kentucky, Marekani, mama wa shamba aitwaye Jane Todd Crawford alikuwa na tumbo kubwa kiasi kwamba waliomwangalia walisema ni mapacha na siku zimepita. Daktari Ephraim McDowell akaitwa amzalishe. Alipompima akagundua hakuna mimba: ni uvimbe wa ovari. Akamwambia ukweli, kwamba hakuna aliyewahi kufanya upasuaji huo akajulikana amefanikiwa, ila akikubali kwenda kwake Danville, atajaribu. Mama akapanda farasi, majira ya baridi, safari ya kilomita karibu 100. Pimeni wenyewe: kama kutoka Mbinga mjini kwenda Songea, juu ya farasi, na nusu debe la mahindi tumboni. Uvimbe ulikuja kupimwa kilo 10. Upasuaji ulichukua dakika 25 hivi, bila dawa ya usingizi, maana etha ilikuja kuoneshwa hadharani 1846. Mama aliimba zaburi wakati anakatwa. Siku ya tano daktari akamkuta anatandika kitanda chake. Alirudi kwao kwa farasi, akaishi hadi 1842.

Kisa hiki hupendwa, na mimi nakipenda. Ila McDowell alipoandika taarifa yake aliongeza wagonjwa wengine wawili, wanawake weusi katika nchi ya utumwa. Majina yao hakuyaandika. Bibi Crawford tunamjua jina, safari, zaburi na kaburi. Wale wawili walipasuliwa vile vile bila dawa, na hatujui hata kama kuna aliyewapelekea uji.

Tumrudie mama yetu. Wiki ya 18 amerudi, uvimbe haujasinyaa, umeongezeka kidogo. Sasa kuna mazungumzo ya kweli. Kama ni mdogo, una maji matupu na hauna vipande vigumu ndani, daktari anaweza kuuacha na kuutazama hadi ajifungue. Kama ni mkubwa au sura yake inatia shaka, wakati mzuri wa kuutoa ni huu, mwezi wa nne hadi wa tano: kondo limeshachukua kazi, na tumbo halijajaa. Upasuaji wa namna hiyo unahitaji daktari aliyezoea, dawa ya usingizi salama na damu ya akiba. Ndiyo habari ya kupewa rufaa, Litembo, Peramiho, Songea, au Mbeya kwenye hospitali ya kanda. Kwa ndugu zetu wa Liuli na Mbamba Bay, barabara ya lami ya kupanda Mbinga imefupisha safari iliyokuwa ikikatisha tamaa. Kwa sisi wa vilima hivi, kipande kibaya bado ni kile cha kwanza, kutoka nyumbani hadi kwenye lami.

Na kuna hatari isiyosubiri miadi. Ovari inaning'inia kwenye kikonyo chake, kama tunda. Uvimbe ukiwa mzito, tunda linazunguka, kikonyo kinajisokota, damu haipiti. Maumivu yake huja ghafla, upande mmoja, makali, pamoja na kichefuchefu na kutapika. Hayo yanahitaji hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Yanatokea katika miezi ya mwanzo ya mimba, na yanatokea pia, sikilizeni hapa, baada ya kujifungua, wakati kizazi kinasinyaa na tumbo limebaki na nafasi. Na sisi tunalo jina tayari kwa maumivu ya mzazi: chango. Mzazi akilia tumbo, bibi anachemsha mizizi, anasema ni chango la uzazi, litapita. Mara nyingi bibi amesema kweli. Ila kama mzazi huyo aliambiwa ana uvimbe, na maumivu yamemshika upande mmoja hadi anatapika, basi sufuria ishuke jikoni na bodaboda iitwe. Shida ni kwamba bibi hajui habari ya uvimbe. Iko kwenye kadi namba 4, chini ya godoro.

Uvimbe ukitolewa, kazi bado. Kile kilichotolewa, au kipande chake, kinatiwa kwenye chombo chenye dawa na kupelekwa maabara ya patholojia, kwa kawaida kwenye hospitali kubwa mbali na hapa. Majibu huchukua wiki. Mama ametolewa nyuzi, amerudi nyumbani, tumbo la mimba linaendelea kukua, kila mtu anasema ashukuriwe Mungu. Majibu yanarudi hospitali yanakaa kwenye faili. Hakuna wa kumpigia, au namba aliyoacha ni ya shemeji aliyehamia Tunduru. Akina baba, kama mna jambo moja la kubeba kutoka hapa ni hili: anayekwenda kumsindikiza mkewe aulize kabla ya kuondoka, sampuli imepelekwa wapi, majibu yanarudi lini, nimuulize nani. Aandike. Swali mnalopenda kuuliza, kama atazaa tena, lina jibu rahisi: ovari moja inatosha. Ataona siku zake na anaweza kushika mimba kwa iliyobaki.

Kwa wale wachache ambao majibu yanasema saratani, sitakaa sana, kwa kuwa njia yao itapangwa na madaktari bingwa, na wengi wataishia Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kwenye lile jengo la Wajerumani lililoanza kujengwa 1895. Mawili tu. Kwanza, saratani za ovari zinazowapata mabinti wadogo mara nyingi ni za aina inayosikia dawa vizuri. Pili, dawa za kemo haziwekwi katika miezi mitatu ya kwanza, wakati viungo vya mtoto vinaumbwa, lakini baada ya hapo zinaweza kutolewa na mimba ikaendelea. Mwaka 2015 madaktari wakiongozwa na Frédéric Amant wa Ubelgiji walichapisha habari za watoto 129 ambao mama zao waliugua saratani wakiwa wajawazito, wengi wao wakiwa wamepata kemo wangali tumboni. Waliwalinganisha na watoto wengine 129. Akili na moyo havikuonesha tofauti. Kilichowarudisha nyuma baadhi yao ni kuzaliwa kabla ya wakati.

Lakini mama aliye kwenye kemo hanyonyeshi. Kwetu, mzazi asiyenyonyesha ni mzazi anayesemwa. Kabla hajanywa maji watu wameshampima VVU kwa macho, wakati siku hizi hata mama mwenye VVU anayemeza dawa zake ananyonyesha. Kwa hiyo mgonjwa anabeba ugonjwa mmoja na kusingiziwa wa pili.

Na hapo ndipo nilipokuwa naelekea tangu mwanzo. Hospitali inashughulika na uvimbe. Kliniki inashughulika na mtoto. Mwongozo wa nchi unataka mzazi mwenyewe aonwe saa 48 za kwanza, siku ya 7, siku ya 28 na siku ya 42. Hiyo ya mwisho ni arobaini yetu, na siku mbili za nyongeza. Wazee wetu nao walijua kwamba mwili wa mzazi unahitaji siku zote hizo. Basi arobaini imefika, mtoto ametolewa nje, kadi namba 1 imejaa mihuri. Yule mama wa ngoro halali. Akisikia kichomi upande wa kulia anafikiri uvimbe umerudi. Anaogopa kushika mimba nyingine, anaogopa kumwambia mume kwamba anaogopa. Ukimuuliza, atakwambia: nina mawazo tu.

Lugha yetu ina ujuzi katika neno hilo. Mtu akisema anafikiri, yuko kazini. Akisema ana mawazo, anaumwa. Washona wa Zimbabwe wanalo neno lile lile, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na daktari Dixon Chibanda alilitumia alipoanzisha mwaka 2006, huko Mbare, mjini Harare, utaratibu wa bibi na benchi. Bibi wa mtaa anafundishwa kusikiliza, anakaa kwenye benchi nje ya zahanati, mwenye mawazo anakuja kukaa naye. Hakukuwa na fedha wala chumba, ndiyo maana benchi likawa nje. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionesha waliokaa na bibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Utaratibu huo umeshafika Malawi, ng'ambo ya ziwa letu, na Zanzibar.

Wala hatuhitaji kuvuka ziwa. Ruvuma hii ina WAVIU washauri, watu wanaoishi na VVU wanaowashika mkono wenzao waliopimwa jana. Tulijifunza kwa machungu kwamba aliyepita njia anaaminika kuliko aliyeisoma. Kwa uvimbe wa ovari hakuna kitu kama hicho, kwa sababu wagonjwa ni wachache na wametawanyika, mmoja Mkumbi, mmoja Litembo, mmoja Lituhi, kila mmoja akidhani yuko peke yake duniani. Muuguzi anayewajua wawili anaweza kumuuliza kila mmoja, kwa faragha: ungependa kuongea na mwenzako? Akikubali, simu moja inatosha kuanza. WAWATA, akina mama wetu Wakatoliki, wanaweza. Jumuiya ndogo ndogo zinaweza, zikijua kufunga mdomo, na hapo sitasema zaidi kwa kuwa mnajuana.

VICOBA je? Karibu kila kikundi cha kuweka na kukopa kina mfuko wa jamii, hisa na kisanduku chenye funguo tatu. Nimesoma katiba kadhaa za vikundi. Kufiwa na mzazi, kiasi fulani. Kufiwa na mume, kiasi fulani. Kujifungua, khanga na sabuni. Nauli ya kurudi kuchukua majibu ya maabara sijaiona katika hata moja. Tumejipanga vizuri sana kumsafirisha maiti. Mwaka huu kahawa ikiuzwa, mkikaa kugawana na kuanza mzunguko mpya, ongezeni mstari mmoja hapo.

Na kuhusu kadi, jambo ni dogo. Siku mnapopewa kadi namba 1, msiifiche namba 4. Zibanwe pamoja kwa pini. Mama akifika na mtoto kupima uzito, mwombeni muuguzi aifungue ya nyuma pia.

Wale mtakaokwenda kumwona mzazi wiki hii na chupa ya uji, mtamsifia mtoto, mtauliza ananyonya vizuri, mtauliza amefanana na nani. Mkishamaliza na watu wakaanza kutoka, mmoja wenu abaki nyuma kidogo, akae karibu na kitanda, amuulize taratibu: na ile karatasi yako, mwenzangu, majibu yalirudi?